Mpe Mgeni Jembe: Juu ya Kulala Majumbani mwa Wenyeji Milimani Usambara

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na vinyago peke yake. Hukaa zaidi katika yale mambo ambayo watu huyatenda kila siku bila kuyatangaza: namna wanavyoamkiana, namna wanavyogawana chakula, namna wanavyozika, na namna wanavyompokea mtu asiye wao. Katika hayo yote, kumpokea mgeni ndiko kunakopima utu wa jamii kwa mizani iliyo kali kuliko zote, kwa sababu mgeni aliyebisha hodi usiku hana nguvu ya kudai chochote. Apewapo moto, chakula na malazi, hupewa kwa kuwa mwenye nyumba amejiona kuwa mtu mbele ya mtu. Kwa hiyo, likitokea jambo lenye kuigeuza maana ya ugeni na ukarimu, haifai kuwaachia wafanyabiashara wa utalii peke yao walijadili. Linawahusu walimu, wanafunzi na kila mwananchi anayejua kwamba nyumba si kuta na paa tu.

Jambo lenyewe ni hii desturi mpya ya kuwalaza watalii majumbani mwa wanakijiji. Mwaka 1995 Bodi ya Utalii Tanzania, ikisaidiwa na shirika la maendeleo la Uholanzi liitwalo SNV, ilianzisha mpango wa utalii wa kiutamaduni. Shabaha yake ilikuwa njema: mgeni asiishie kutazama wanyama mbugani na kulala hotelini, bali awafikie wananchi vijijini na kuwaachia sehemu ya fedha zake. Milima ya Usambara haikuchelewa kuingia katika mpango huo. Leo mgeni hupanda kutoka Mombo, akapita Soni, akafika Lushoto. Kutoka hapo huenda kwa miguu siku kadhaa kupitia misitu na mashamba ya kabeji na viazi, mpaka Mtae, mahali ambapo mlima hukatika ghafla na tambarare za Mkomazi huonekana chini. Njiani hulala vijijini, na wengine hulala katika nyumba za wananchi wenyewe. Hula makande yaliyopikwa jikoni humo, huoga maji ya ndoo, na huamshwa na jogoo wa mwenye nyumba.

Juu ya jambo hili wamezuka watetezi na wapinzani, na kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea njia. Wapinzani husema kwamba kumtoza mgeni fedha ni kuuza utu wetu. Watetezi husema kwamba chochote kinacholeta fedha kijijini ni maendeleo, na anayeuliza zaidi ya hapo ni mwenye wivu. Nakusudia kuonyesha kwamba wa kwanza hawaijui historia yetu, na wa pili hawaijui nyumba.

Ukarimu wetu haukuwa wa bure

Tuanze na wale wa kwanza. Dhana yao ni kwamba wazee wetu walimlisha na kumlaza mgeni bila kutazamia kitu. Maneno hayo hupendeza masikioni, lakini si kweli. Methali yetu yasema wazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962, alipoeleza maana ya Ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi na hapakuwa na nafasi ya mnyonyaji. Ukiitazama vizuri utaona kwamba jembe hilo halikuwa adhabu, wala halikuwa njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Lilikuwa heshima. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba sasa anahesabiwa miongoni mwa watu wa mji huu, na kwamba chakula anachokula kina jasho lake ndani yake.

Wenyeji wa Usambara wana habari maarufu inayoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi ameandika masimulizi ya Mbega, mwindaji aliyetoka Ungulu. Ndugu zake walimnyima urithi na kumtenga kwa sababu alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Mbega alifika milimani akiwa mgeni asiye na ukoo wa kumtetea. Je, alikaa akingoja kulishwa? Sivyo. Aliwinda, akawapa watu nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Nyama kwa chakula, mkono kwa mkono, na hapo ndipo urafiki ulipoanza. Habari yenyewe ya chimbuko la utawala wa Usambara, basi, ni habari ya mgeni aliyelipa. Alilipa kwa kazi ya mikono yake, na alilipa kitu ambacho wenyeji walikihitaji.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba malipo yamekuja na watalii. Malipo yalikuwapo tangu zamani: kazi, nyama, chumvi, habari, dawa, na ile ahadi kubwa isiyosemwa, kwamba kesho nami nikipita kwenu mtanifungulia mlango. Fedha ni aina nyingine tu ya malipo. Haitii najisi kwa kuwa ni fedha. Swali la kweli ni lingine: ni nani anayeamuru? Katika ugeni wa kwetu mgeni hulipa, lakini mwenyeji ndiye anayeamuru. Yeye ndiye asemaye keti hapa, kula hiki, lala pale, kesho tunakwenda shamba. Mahali ambapo mgeni analipa na mgeni huyo huyo anaamuru, hapo hapana ugeni tena. Hapo pana bwana na mtumishi wake.

Mgeni aliyesahau kuwa mgeni

Usambara imewahi kuonja hali hiyo, na kwa uchungu. Hata kisa cha Mbega kina upande wa pili, ambao mwanafunzi makini hana budi kuuona. Mgeni yule alifanywa mtawala, na baada ya vizazi kadhaa baadhi ya wajukuu zake waliwauza utumwani raia wale wale ambao wazee wao walimpokea. Hayo yalizidi katika vita vilivyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai mnamo mwaka 1862.

Kimweri huyo huyo ndiye aliyempokea huko Vuga mmisionari Johann Ludwig Krapf, mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Vizazi viwili havikupita, wageni wengine kutoka nchi ile ile aliyozaliwa Krapf wakaja bila kubisha hodi. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Hewa baridi waliyoipenda wakaifanya mali yao, wakakata mashamba ya walowezi, na wananchi wakapewa kadi za kazi ili walazimike kuwatumikia walowezi hao kwa siku zilizohesabiwa. Mgeni hakupewa jembe. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akasimama kando na fimbo.

Hata ua dogo la milimani halikusalimika. Mnamo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilitwaa ua la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata wataalamu wa huko wakalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Leo ua hilo hupambwa madirishani na kuuzwa katika nchi nyingi za dunia, na walioitunza misitu lilimoota hawatajwi. Mgeni alikuja, akachukua mmea, kisha akauvika jina lake.

Waingereza nao wakaja na elimu yao. Kuanzia mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika Bonde la Mlalo, wakawalazimisha wakulima kuchimba matuta miteremkoni. Hawakuwauliza wakulima wenyewe jinsi wanavyoujua mlima wao. Watu wakaupinga mpango huo, na katika miaka ya 1950 ukaachwa.

Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mtawala aliyeleta mvua na amani aliiponya nchi. Aliyeleta njaa na fitina aliidhuru. Nashauri tuyatumie maneno hayo hayo kuupima utalii wa majumbani. Hata Kiswahili chetu kinakubaliana nayo, kisemapo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tuulize bila haya: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Bidhaa iitwayo "asili"

Jambo la kwanza linalotia shaka ni hamu ya wageni wengi kuona kitu wanachokiita maisha ya asili. Wafanyabiashara wameielewa hamu hiyo, nao huitumikia kwa bidii. Picha za matangazo huchagua nyumba ya udongo, zikaiacha ya matofali iliyo jirani. Humchagua bibi anayetwanga, zikamwacha mjukuu wake anayesoma hesabu kwa taa ya umeme wa jua. Mwenye nyumba akipata fedha na kutaka kuezeka bati, huja mtu akamwonya kwamba wageni hawapendi bati. Tazama ajabu hii! Mtu ambaye kwao huishi katika nyumba yenye maji ya bomba na umeme husafiri maelfu ya maili ili ahakikishe kwamba wewe huna vitu hivyo, kisha arudi kwao akisema ameguswa moyo.

Mahali pa kuhifadhi nyumba za zamani papo. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa kazi hiyo, nacho chafaa kutembelewa na kila shule. Lakini nyumba ya makumbusho haina mtoto anayekohoa kwa moshi, wala haina mama anayeteka maji. Kijiji kilicho hai si makumbusho. Wananchi wake hawakuajiriwa kuwa masanamu ya jana. Utamaduni ni kama mgomba: shina la zamani hukatwa, chipukizi huinuka, na shamba hubaki lile lile. Anayeuzuia usichipue kwa kisingizio cha kuuhifadhi, huyo anauua.

Ngoma nayo imeingia katika hatari hiyo. Mdumange una wakati wake na sababu yake. Watu huucheza kwa kuwa kuna jambo. Ukichezwa saa kumi kila Jumamosi, kuna jambo au hakuna, kwa kuwa gari la wageni limefika, mwishowe vijana watajua hatua za miguu na watasahau sababu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hutunzwa na watu wanaoweza pia kumwambia kwamba leo amekosea. Mtalii hawezi kumwambia hivyo. Yeye hupiga makofi hata ngoma iharibikapo.

Jiko ni la nani?

Jambo la pili ni fedha yenyewe, nayo yahitaji kufuatwa hatua kwa hatua mpaka jikoni. Tuseme mgeni amelipa shilingi 100,000 kwa wakala mjini kwa ajili ya usiku mmoja kijijini. Wakala amekata fungu lake. Mtembezaji aliyemwongoza njiani amekata lake. Nauli imetoka, na mchango wa kijiji, kama upo, umetoka. Kilichobaki kimetiwa mkononi mwa baba mwenye nyumba. Sasa tuulize: ni nani aliyeamka alfajiri kuteka maji ya mgeni? Ni nani aliyetafuta kuni, akachambua maharage, akafua mashuka, akawahamisha watoto kwenye kitanda chao ili mgeni apate pa kulala? Ni mama. Naye katika hesabu ile hatajwi mahali popote.

Hili si dogo. Bidhaa inayouzwa katika biashara hii ni kazi ya mwanamke wa kijijini: upishi wake, usafi wake, na hata tabasamu lake. Siku zote kazi hiyo imehesabiwa kuwa si kazi, kwa sababu hufanywa nyumbani. Sasa imepewa bei, na mara tu ilipopewa bei ikawa mali ya wengine. Biashara inayomwongezea mama mzigo na kumwachia asante tu haiwezi kuitwa ukombozi wa kijiji. Ni unyonyaji wa ndani uliofunikwa kwa kanga ya ukarimu.

Kuna watu watakaojibu kwamba hata kidogo ni bora kuliko hakuna. Nawakumbusha mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, ndege zilisimama na wageni wakatoweka. Mwenye kitanda cha mgeni peke yake alibaki na kitanda. Mwenye shamba la viazi na mapeasi alibaki na shamba. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na msala wa utalii hupita haraka kuliko misala yote. Fedha ya mgeni ni njema ikinunua mbolea, ikilipa sare ya shule, ikiongeza ng'ombe mmoja zizini. Ikimfanya mkulima aliache shamba ili akae kibarazani akingoja wageni, imembana.

Mjadala huu si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1970 vijana wa TANU walizusha ubishi mkali magazetini kuhusu utalii na siasa ya Ujamaa. Makala za ubishi huo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu Tourism and Socialist Development, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Hofu kubwa iliyosemwa wakati ule ilikuwa kwamba utalii utatufanya taifa la watumishi. Watetezi wa utalii wa majumbani husema kwamba wao wameiondoa hofu hiyo, kwa kuwa mgeni haamuru tena kutoka kwenye kiti cha hoteli, bali anakaa mkekani pamoja nasi. Nami nasema kwamba mkeka hauondoi utumishi. Mtu aweza kuamuru akiwa ameketi mkekani, tena kwa sauti ya upole. Na hofu ile ina uzito zaidi sasa, maana mtumishi wa hoteli hurudi kwake jioni akafunga mlango wake. Aliyeigeuza nyumba yake kuwa hoteli atarudi wapi?

Basi tufanyeje?

Sisemi kwamba milango ifungwe. Taifa linalofunga milango hudumaa, na Mshambaa hakuzoea kufunga. Nasema kwamba mwenyeji arudishiwe uenyeji wake, na kwa hilo natoa mambo manne.

Kwanza, shauri hili lirudi katika mkutano mkuu wa kijiji. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kijiji kina halmashauri yake na kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Bei ya kulala, zamu za nyumba, fungu la zahanati au shule, mipaka ya kupiga picha, yote hayo yaamuliwe hapo na wakazi wote watu wazima, wake kwa waume, na hesabu zisomwe hadharani. Wakala na mtembezaji wawe watumishi wa uamuzi huo, wasiwe watungaji wake.

Pili, malipo ya chakula na malazi yatiwe mkononi mwa anayepika na kutandika. Hakuna haja ya maelezo marefu juu ya hili. Mwenye kufanya kazi ndiye mwenye ujira.

Tatu, mgeni apewe jembe. Asemapo anataka kuishi na wenyeji, na aishi nao kweli. Ajifunze salamu za Kishambaa, ambazo hufuata wakati wa siku na hazitaki haraka. Ateke maji yake mwenyewe. Aende shambani asubuhi, apalilie mpaka mgongo umwume. Aulizwe naye habari za kwao: wazee wao hutunzwa na nani, na mgeni akibisha hodi usiku hufunguliwa mlango au huitiwa polisi? Kwa njia hiyo kutazamwa kutakuwa kwa pande mbili, na mwenyeji naye atarudi chumbani usiku akiwa amejifunza jambo. Asiyetaka jembe aende hotelini, na wala hatutamchukia.

Nne, na hili ndilo kubwa, mgeni wa kwanza wa nyumba hizo awe mtoto wa Tanzania. Nchi hii ina wanafunzi wa sekondari waliozaliwa Dar es Salaam na Mwanza ambao hawajapata kulala usiku mmoja katika kijiji cha mlimani, kama vile wapo vijana wa Mtae wasioijua bahari iliyo katika mkoa wao wenyewe. Wanasoma katika vitabu juu ya mmomonyoko wa udongo, lakini hawajashika udongo wa mteremko. Tunampelekea mtu wa Ulaya kile tunachomnyima mtoto wetu, kisha tunashangaa mtoto huyo akiuona ushamba kuwa aibu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai shule isitengane na maisha ya wananchi. Basi shule ya mjini na kijiji cha mlimani ziweke mapatano: wiki mbili za likizo wanafunzi walale majumbani, walime, waandike masimulizi ya wazee, wajue majina ya miti ya msituni. Na vijana wa kijiji nao wapokelewe mjini vivyo hivyo. Malipo yawepo, madogo na ya haki, pamoja na kazi.

Walimu, jambo hili halihitaji kungoja waraka. Barua moja kwa mwenyekiti wa kijiji yatosha kulianza. Nanyi wanafunzi, siku mtakapofika katika nyumba ya mtu mlimani, msiulize kwanza mtalala wapi. Ulizeni jembe liko wapi. Mama wa nyumba hiyo akishaona mnapalilia mstari wake wa viazi, atawaonyesha pa kulala yeye mwenyewe, na atawaonyesha kwa sauti ya mwenye nyumba.